Sakafu Kwanza, Mapambo Baadaye

Chumba cha futi 10 kwa 10 kina futi za mraba 100. Kitanda cha tano kwa sita kinakula 30. Kabati la nguo la milango miwili, 8. Kochi la watu wawili, 15. Stendi ya runinga 6, friji ndogo 4. Mlango nao, kwa kuwa unafungukia ndani, unadai robo duara yake ya futi za mraba 7 hivi, na hapo huwezi kuweka kitu. Jumla 70. Zilizobaki ni 30, nazo hazikai pamoja: kipande kimoja mbele ya kabati, kingine ubavuni mwa kitanda, kingine pale katikati anapochezea mtoto. Na hapo bado hujaweka ndoo ya maji, mtungi wa gesi, wala begi la nguo za sikukuu.

Naanza na hesabu kwa sababu ushauri mwingi wa kupamba nyumba ndogo huanzia kwenye vioo na rangi nyeupe. Vyote viwili vinasaidia, nami nitavifikia. Lakini mtu akifungua mlango, kitu cha kwanza jicho lake linachopima ni sakafu. Likiiona sakafu inakwenda mpaka ukutani bila kukatizwa, chumba ni kikubwa. Likigota kwenye mgongo wa kochi hatua mbili kutoka mlangoni, chumba ni kidogo, hata ukipake rangi ya maziwa na kukitundikia vioo vinne. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuirudisha sakafu. Pambo lolote linaloila, hata liwe zuri vipi, linakupunguzia chumba.

Nasema hasa na wapangaji wa chumba kimoja, au chumba na sebule, katika zile nyumba za korido ya katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, zilizojaa Dar es Salaam kuanzia Magomeni mpaka Temeke. Ingawa mwenye bedsita yake Nairobi naye atajiona humu. Nyumba hizi zilipoanza kujengwa, chumba hakikukusudiwa kubeba maisha yote. Kupika kulikuwa uani, kufua uani, mazungumzo barazani. Chumbani ni kulala na kutunza vitu. Leo uani pamejengwa vyumba vingine vya kupangisha, baraza limekuwa genge au duka, na kila kilichokuwa nje kimeingia ndani. Chumba ni kilekile, kazi ndizo zimeongezeka. Ndiyo maana kabla ya kununua chochote ni vizuri ujiulize kazi zipi kati ya hizo bado zinaweza kufanyika nje. Ukiwa na kipande cha baraza kinachotosha mkeka na watu watatu, hiyo ni sebule, tena yenye upepo.

Mafundi wa pwani walikutana na ufinyu huu zamani, tena katika nyumba za matajiri. Nyumba za mawe za Lamu, mji uliowekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, zina dari zilizobebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, na urefu huo ndio ulioamua upana wa chumba: mara nyingi haufiki hata mita 3, awe mwenye nyumba ana majahazi mangapi baharini. Vyumba vikawa virefu na vyembamba. Walichofanya ni kutafuta nafasi ndani ya ukuta. Kuta zao za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, na kwenye chumba cha ndani kabisa waliutia ukuta mzima zidaka, safu juu ya safu, mahali pa vyombo vya kauri kutoka China, vitabu na vitu vya thamani. Sakafu ikabaki ya kitanda na mikeka. Vyumba vilifuatana, kimoja kikifungukia kingine kuelekea kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, hivi kwamba mtu aliyekaa ndani aliweza kuona mwanga wa nje kupitia chumba cha mbele yake. Ukifika Lamu ingia kwenye nyumba ya Kiswahili iliyogeuzwa makumbusho, usimame mbele ya zidaka, kisha ujaribu kukadiria upana wa chumba kabla hujaupima. Kwa kuwa jicho linaingia ndani ya ukuta, utakadiria zaidi ya ulivyo.

Mpangaji hawezi kuchonga kidaka kwenye tofali la inchi 6. Rafu anaweza. Na hapa mafundi seremala wetu wana mazoea yanayotugharimu: mwambie akutengenezee kabati la vyombo, ataliwekea kina cha inchi 18 bila kuuliza, wakati sahani kubwa ya kulia haizidi inchi 11 na glasi haifiki 4. Hizo inchi nyingine ni giza linalojaa vitu vilivyosahaulika huko nyuma. Rafu ya kina cha inchi 12 inabeba sahani, ya inchi 8 inabeba glasi, vikombe na vitabu, na zote mbili hazigusi sakafu. Izungushe kwenye kuta mbili kwa juu, usawa wa kizingiti cha mlango, futi 7 hivi kutoka chini, mahali ambapo hakuna kichwa kitakachogonga. Ipakwe rangi ileile ya ukuta. Rafu ya mninga iliyopakwa vanishi kwenye ukuta mweupe inapendeza, sikatai, ila inachora mstari mzito juu ya vichwa vyenu, na kwenye chumba kidogo mstari huo unaishusha dari.

Sasa makochi, ambako ndiko pesa nyingi na nafasi nyingi hupotelea.

Seti ya tatu, mbili, moja ni fahari ya sebule, na najua kwamba wengine huihesabu kuwa dalili ya kuanza maisha. Lakini ichunguze kwa karibu. Ina makochi matatu, kwa hiyo ina mikono sita. Mtindo uliopo ni mikono mipana iliyojazwa sponji, na mkono wa sentimita 25 ni wa kawaida kabisa. Zidisha: umenunua mita moja na nusu ya mikono, isiyokaliwa na mtu, ila kikombe cha chai na rimoti. Ongeza migongo iliyolala nyuma na sketi ya kitambaa inayoshuka mpaka chini ikiificha sakafu. Nimeingia sebule za futi 10 kwa 12 ambazo mgeni hupita kiubavuubavu akishika magoti ya waliokaa, na meza ya kioo katikati ikimsubiri ugoko.

Ukienda kwa fundi, iwe Keko, Dar es Salaam, au kwenye wale wa kando ya Ngong Road, Nairobi, nenda na vipimo vyako na usikubali kuuziwa kile kilichoko nje kwenye maonyesho. Mwombe mikono ya sentimita 8 au 10, ya mbao iliyovishwa kitambaa. Mgongo usimame zaidi na usizidi kimo cha kiuno cha mtu mzima, ili jicho lipite juu yake. Miguu iwe ya sentimita 15, wazi, bila sketi. Sakafu inayoonekana chini ya kochi inahesabiwa na jicho kama sakafu ya chumba, na ufagio unapita. Kochi moja la watu watatu lenye umbo hilo, na stuli mbili zinazoingia chini ya meza, linakalisha watu watano mahali ambapo seti ingekalisha sita kwa mateso. Fundi atakwambia miguu mirefu haina soko. Mwambie soko ni wewe.

Meza ya chakula ya watu sita kwenye sebule ya namna hii sijawahi kuielewa. Wiki ya kwanza inalishia wageni, ya pili inabeba nguo zilizoanuliwa, na huo ndio unakuwa utumishi wake. Watu wa pwani wamekula mkekani vizazi na vizazi, na mkeka ukishakunjwa unasimama nyuma ya mlango. Kama magoti hayaruhusu, meza ya kukunja iliyofungwa ukutani kwa bawaba inatosha watu wawili.

Kabla hujalipa hata shilingi, chukua kanga. Kipande kimoja cha doti kina urefu wa mita moja na nusu hivi na upana wa mita moja na kidogo, karibu kabisa na nafasi ya kochi la wawili, na urefu wake ni sawa na upana wa kitanda cha tano kwa sita. Itandike sakafuni pale unapofikiria kuweka kitu. Ishi nayo jioni moja: fungua mlango, fungua kabati, piga deki, mpitishe mtoto na ndoo yake. Ukiikanyaga kanga kila mara, kochi hilo utaligonga kila mara. Mwenye subira zaidi achukue daftari la hesabu la vijumba, kila kijumba kiwe nusu futi, achore chumba na dirisha na mlango unavyofunguka, kisha akate vitanda na makabati ya karatasi avisogeze. Njia ya kupita isipungue sentimita 60.

Kitanda hakikwepeki. Kama ni wewe peke yako, cha nne kwa sita kinakurudishia futi za mraba 6, ambazo ni karibu friji moja na nusu. Kama ni wawili na chumba ni futi 10, kisukume pembeni badala ya kukiweka katikati kama hotelini. Ndiyo, wa upande wa ukutani atamruka mwenzake usiku. Hayo mtayamaliza wenyewe. Bakisheni upana wa kiganja kati ya godoro na ukuta ili chandarua kichomekwe. Na tukiwa hapo: chandarua cha pembe nne kilichoachwa wazi mchana ni chumba ndani ya chumba. Asubuhi kikusanye, kikunje na ukifunge juu kabisa ya kichwa cha kitanda, uone jinsi ukuta wa nyuma unavyorudi. Ni kazi ya nusu dakika, na hakuna kioo kitakachokupa matokeo ya haraka kiasi hicho.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini si lazima ateseke. Mvungu wa kitanda cha tano kwa sita ni futi za mraba 30 ambazo tayari umezilipia kodi. Inua kitanda mpaka sentimita 35 au 40, upate masanduku mapana yenye magurudumu madogo, au makreti ya mbao yaliyofungwa kamba ya kuvutia. Humo ziingie nguo za baridi, mashuka ya wageni, viatu vya harusi. Mabegi matupu yaingizwe moja ndani ya jingine. Yale mabegi yanayokaa juu ya kabati mpaka yanakaribia dari yashushwe. Rundo lile ndilo linalofanya chumba kionekane kimejaa hata siku uliyokideki na kukipanga vizuri. Watoto wakilala humohumo, godoro jembamba la kuvutwa kutoka mvunguni linashinda kitanda cha ghorofa, hasa penye pangaboi: mtoto wa juu yuko usawa wa mapanga.

Kisha dirisha. Tumezoea pazia zito lenye marinda, juu yake la pili la kuringia, yote yakining'inia ndani ya fremu na kuishia kizingitini. Pazia likivutwa pembeni bado linafunika theluthi ya kioo. Ninachoshauri ni fimbo ya pazia ipande mpaka karibu na dari, na izidi dirisha kwa futi moja kila upande. Dirisha la futi 5 lipate fimbo ya futi 7. Kitambaa kishuke mpaka karibu na sakafu. Mchana pazia linakaa mbele ya ukuta, dirisha lote linabaki la mwanga, na jicho linadhani dirisha ni kubwa kuliko lilivyo. Kitambaa kiwe kimoja, chepesi, cha rangi inayokaribiana na ukuta. Maua makubwa ya dhahabu waachie kumbi za harusi.

Utaniambia dirisha lako linatazamana na la jirani, au linafungukia korido ambako watu wanapita na ndoo zao wakichungulia. Ni kweli, na ndiyo sababu vyumba vingi vya uswahilini vinawashwa taa saa nane mchana. Hapo weka nusu pazia: fimbo nyembamba katikati ya dirisha, kitambaa chepesi kufunika nusu ya chini tu. Anayepita haoni kitanda chako, na nusu ya juu inaingiza mwanga na upepo. Katika joto la Dar es Salaam upepo ni sehemu ya nafasi. Chumba kisichopumua hubana hata kikiwa kitupu. Kwa sababu hiyohiyo, wanaogawa chumba kwa pazia ili kitanda kisionekane na wageni, waliache juu wazi futi moja na nusu, na walikusanye ukutani mara mgeni akiondoka. Pazia la kugawia linalokaa limefungwa siku nzima limekugawia chumba kimoja kuwa vibanda viwili.

Rangi haina maneno mengi. Nyeupe ya maziwa, krimu, kijivu chepesi, chochote kinachorudisha mwanga. Kosa kubwa ni lile zoea la kupaka rangi ya mafuta ya kahawia mpaka usawa wa kiuno, kisha nyeupe juu. Sababu yake naijua, ni mikono ya watoto na migongo ya viti. Ila unaukata ukuta vipande viwili, na ukuta uliokatwa unaonekana mfupi. Tumia rangi moja kutoka chini mpaka juu, uchague ile ya kung'aa kiasi inayofutika kwa kitambaa kibichi. Dari iwe nyeupe kuliko kuta. Sakafu nayo, kama ni kapeti la plastiki, liwe la rangi moja, litandazwe ukuta kwa ukuta. Kijizulia kidogo katikati kinaikata sakafu uliyohangaika kuiokoa.

Kioo kinarudia kile kinachokitazama. Kikitazamana na dirisha au kikiwa ukuta wa ubavuni mwake, kinakuletea dirisha la pili. Kikitazamana na madumu na beseni, umepata madumu mara mbili. Kimoja kirefu, cha kimo cha mtu, kinashinda vidogo sita.

Taa moja nyeupe katikati ya dari huziacha pembe zote gizani, na pembe isiyoonekana ni kama haipo. Ongeza mbili ndogo pembeni, moja ielekee juu ipige dari. Balbu tatu za LED za wati 5 zinakula wati 15 tu, kwa hiyo mnaochangia umeme wa LUKU hamtakuwa na cha kugombania.

Vipo visivyopunguzika. Maji ya mgao lazima yahifadhiwe, basi acha mapipa ya duara yanayopoteza pembe, tumia madumu ya mraba ya lita 20 yaliyopangwa mstari chini ya meza ya jiko nyuma ya pazia fupi. Mtungi wa gesi ukae karibu na dirisha, ufungwe kila baada ya kupika. Jiko la mkaa lisiingie ndani kwa kisingizio chochote cha kubana nafasi. Moshi wake usioonekana unaua watu usingizini.

Na vipo vinavyopunguzika ila tunavionea haya. Kitchen party moja inaweza kukuachia seti tatu za sahani, hotipoti nane na chupa za chai za kutosha msiba. Aliyekupa hatakuja kuhesabu. Bakisha seti moja ya kila siku na moja ya wageni, nyingine mpe mdogo wako anayeanza maisha au uiuze. Glasi za kwenye shokesi ambazo hazijawahi kunywewa maji zinakaa kwenye sakafu unayoilipia kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Picha za familia zisitupwe, lakini zikusanywe ukuta mmoja kwenye fremu zinazofanana. Kalenda tatu za miaka iliyopita zinaweza kwenda.

Kabla hujatoboa tundu la kwanza, zungumza na mwenye nyumba. Wengi hukataza misumari kwa sababu mpangaji aliyetangulia aligongelea ya zege kwa nyundo akaacha plasta imepasuka. Mwambie utatumia drili, plagi na skrubu, na kwamba ukihama utaziba na kupaka palepale. Akikubali, iandikwe kwenye mkataba, pamoja na orodha ya vitu utakavyoondoka navyo: rafu, fimbo za pazia, pangaboi kama ulinunua wewe. Kuhusu rangi, lita moja hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, kwa hiyo chumba cha futi 10 kwa 10, kuta na dari, mikono miwili, kinahitaji makopo mawili ya lita 4. Fundi akikwambia ununue ndoo ya lita 20, muulize nyingine anapaka wapi. Bei ya makopo hayo mpelekee mwenye nyumba kabla hujayanunua, mkubaliane ikatwe kwenye kodi. Ukishapaka, hana tena sababu ya kukusikiliza.